Kwa Mogesi, Kuhusu Sura Ambayo Hawataki Kuichapa

"Katika nyumba ntobhu mwanamke hana bwana."

Ndivyo Chacha alivyosoma mbele ya watu siku ya kumaliza msiba wako, amekinyanyua kitabu chako juu kama mhubiri. Akasoma mara mbili. Akakifunga, akasema, "Daktari mwenyewe ameandika. Nani tena ana swali?"

Dada Mogesi, mimi nilikuwa na swali. Hana bwana, sawa. Ana nani? Ntobhu tunaijua: mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, binti anazaa na mwanamume ambaye mara nyingi hakumchagua yeye, na watoto ni wa nyumba ya yule mzee. Binti akitaka kuondoka anaambiwa ng'ombe walishapokelewa, rudi jikoni. Mtu asiyeweza kutoka mlangoni, kuna faida gani kumwambia hana bwana? Wewe ulilijua hilo kabla hujafa. Uliliandika. Chacha anasoma kitabu ulichokitoa ukiwa kijana, anadhani amekuziba mdomo kwa maneno yako mwenyewe.

Niliinuka nikayasema hayo yote. Chacha akanitazama, akatabasamu. "Wewe mama, umekuwa daktari kuliko Daktari? Mwenzako kalala pale, kaburi halijaota hata majani, wewe umeshaanza kumsahihisha?" Watu wakacheka. Nusura nicheke na mimi, maana ulimi anao. Halafu nikakumbuka anatafuta nini.

Anamtafuta Nyangi. Unamfahamu, binti wa marehemu kaka yake, kule Machochwe, yule uliyempa kamusi yako akaibeba kichwani kama mzigo wa kuni. Ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Baba yake alipofariki, Chacha, baba mdogo, ndiye akawa msemaji wa nyumba. Jirani yao Bibi Matinde, mjane aliyezaa mabinti watupu, anataka kumwoa. Wameshakubaliana. Mahindi yakishavunwa, Nyangi anakabidhiwa. Mama yake alipokataa, Chacha hakumpiga wala hakumfokea. Alimletea kitabu chako. Fikiria, dada. Mwanamke asiyejua kusoma anafunguliwa kitabu cha mwanamke msomi aliyezunguka Tarime na Serengeti yote akitetea wanawake, anawekewa kidole kwenye mstari, anaambiwa: basi nyamaza.

Tangu siku ile sikai. Naanza kufua naacha, naandika barua nachana, nakwenda sokoni Mugumu narudi bila nilichofuata. Hasira zangu unazijua, ulikuwa ukiniambia, "Punguza moto, mboga itaungua." Sasa hayupo wa kuniambia, na mboga zinaungua kweli.

Sitaki kumfanya Bibi Matinde shetani. Hilo ulinifundisha wewe, na bado linaniuma kulikubali, maana napenda adui aliye wazi. Bibi huyu mumewe alipokufa, shemeji zake walianza kupima shamba kwa hatua huku uji wa msiba haujapoa. Kwa ukoo, nyumba isiyo na mtoto wa kiume ni nyumba iliyofungwa. Akioa mke, mke akizaa mvulana, shemeji watarudisha hatua zao. Anajiokoa. Kitabu chako cha kwanza kililiona hilo, na kililiona vizuri kuliko wote walioandika kuhusu sisi bila kulala kwetu. Lakini anajiokoa kwa kumzamisha mtoto wa mwenzake, na wanaume waliomfikisha hapo wanakaa pembeni wanasifu mila. Binti zake mwenyewe wapo, wazima, wana mikono ya kulima na akili ya kurithi. Kwa nini shamba lisiwe lao? Muulize Chacha swali hilo uone atakavyogeuka kutafuta kofia yake.

Nirudi Nyansurura, kijiji tulikokwenda kukusanya maneno ya kitabu chako cha kwanza. Lazima nirudi, maana ndiko ninakokukimbia.

Nilikuwa msaidizi wako, nabeba madaftari na kujifanya najua kazi. Wewe ulikuwa na kanuni moja usiyoivunja hata mvua ikinyesha: huondoki na maneno ya mwanamke bila kumsomea. Ulikaa naye chini, ukamsomea kwa Kikurya yote uliyoandika, naye akusahihishe. Walifurahi sana. Kuna bibi mmoja alikukatiza, "Hapo umeniongezea adabu. Mimi nilimwita shemeji fisi, wewe umeandika nilimkasirikia." Ukafuta, ukaandika fisi. Wanaume wenye digrii zao waliokucheka kwa kanuni hiyo hawajawahi kusahihishwa na mtu yeyote, ndiyo maana vitabu vyao vinasomeka kama hotuba ya mgeni rasmi.

Lakini kwetu mgeni huzungumza na mwenye nyumba. Pale Nyansurura binti aliyeolewa ntobhu alitoka jikoni, akapiga magoti, akatunawisha mikono, akaleta uji, akarudi jikoni. Kumwuliza yeye mambo ya ndoa hali mama mwenye nyumba amekaa pale ingekuwa utovu wa adabu, na wewe ulilelewa na mama ambaye angekufinya paja mpaka utoe machozi. Kwa hiyo hukumwuliza. Ulimsomea mwenye nyumba, mwenye nyumba akasema, "Ndivyo hivyo, mwanangu, hapa hakuna bwana." Nyumba baada ya nyumba, adabu ileile, jibu lilelile. Kitabu kikatoka. Ukasifiwa mbali.

Miaka ikapita, tukakutana na Wankuru kule Manchira, anachota maji. Ulimsalimu, akaweka ndoo chini polepole. Nakumbuka kila neno. "Daktari, mimi nakukumbuka. Ulikunywa uji wangu Nyansurura, ukasifu kwamba haukuwa na mabonge. Hukuniuliza hata jina." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Wewe ulikaa palepale kwenye matope na sketi yako ya kanisani, ukamwambia, "Niambie sasa." Akakuambia mpaka jua likageuka. Ulipoinuka, njia nzima ya kurudi ulikuwa ukijiuliza: "Nilimsomea nani? Nilimsomea nani?"

Baada ya hapo ukaanza upya, ukiwa na miguu inayovimba. Ulikwenda na ndoo mtoni, na jembe shambani, popote ambapo wake wale hukaa bila mwenye nyumba. Ukaandika sura mpya. Inaanza kwa neno moja, "Nilikosea." Ninayo mbele yangu, kwa mwandiko wako ulioanza kutetemeka. Hakuna msomi mwanamume ninayemjua aliyewahi kuanza sura hivyo, nami nimewasoma wengi, na nimegombana nao wote.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia ulipokuwa hai.

Siku ile Nyansurura, wewe ukiwa umekaa na mwenye nyumba, mimi nilitumwa jikoni kusaidia kumenya mihogo. Wankuru alikuwa ananimenyea mfano, maana nilikuwa naharibu. Akacheka, "Wewe wa mjini, unaukata mhogo kama unaukomoa." Kisha bila kuniangalia akasema, "Mimi hapa sikuolewa. Niliwekwa." Nilimsikia. Nilikuwa na daftari mfukoni na kalamu sikioni. Sikuandika. Nilijiambia hilo si jibu la swali letu, hata kwenye orodha ya maswali halimo. Nilijiambia Daktari anajua anachofanya. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumechoka, gari lilikuwa linasubiri, na kitabu kilikuwa kimeshapendeza kichwani mwangu.

Ulipokaa kwenye matope Manchira ukimsikiliza Wankuru, mimi nilisimama nyuma yako nikijua kwamba mmoja wetu aliambiwa. Wankuru alinitazama. Alinikumbuka. Hakusema. Na mimi, mwenye mdomo unaoogopwa wilaya mbili, niliangalia ndoo.

Ungenisamehe haraka, ndiyo maana sikukuambia. Sikutaka msamaha wa bei rahisi. Au niliogopa tu. Andika vyote viwili.

Mdogo wako Nyamhanga ndiye anasimamia kitabu kichapwe upya kwa kumbukumbu yako. Nilimpelekea sura. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Dada yangu aliheshimika kwa kitabu hiki. Unataka aitwe mwongo naye hayupo kujitetea? Kwetu marehemu havuliwi nguo." Nikamwambia, hii nguo ameivua mwenyewe, na amevaa nyingine. Akasema, "Wewe kila kitu ni vita." Machozi yalikuwa yanamlenga. Nyamhanga anakupenda, na upendo wake ndio unaompa Chacha fimbo. Mtu anayelia hapigwi kwa hoja. Nikaondoka.

Jumanne Nyangi akaja kwangu, na sare ya shule na kamusi kwenye mfuko wa plastiki. "Shikamoo shangazi. Ni kweli Daktari ameandika hivyo?" Hakuuliza kama atasaidiwa. Aliuliza hilo kwanza. Nikamwambia kweli, aliandika. Uso ukamwanguka. Nikamketisha, nikamsomea sura yako yote, kwa Kikurya kama ulivyokuwa ukifanya, nikatafsiri papo hapo, vibaya, nikikwama. Nilipofika mahali pa Wankuru akaomba nirudie. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo mtu mkubwa anaweza kusema amekosea." Kisha akaniomba chai.

Bado yuko hapa. Chacha ananipigia simu kila siku. Anasema Jumamosi anakuja kumchukua mtoto wake, na anakuja na kitabu. Mama yake Nyangi ameniambia naye atakuja, kwa miguu yake. Wankuru nimemtumia ujumbe. Safari hii nitamwambia mbele ya watu kwamba nilimsikia.

Dada Mogesi, lala. Nilidhani nitakuandikia mambo ya amani, kwamba mihogo yako imestawi na kanisani wameanza kukukosa kwenye kwaya, maana sauti ya pili imebaki yatima. Ni kweli yote. Lakini sina utulivu wa kukupa, nina ahadi tu: mimi nikiwa hai, kitabu chako hakitasomwa nusu mbele yangu bila nusu ya pili kusomwa. Nikipewa kipaza sauti nitaisoma. Nikinyimwa nitaisoma kwa kelele, na hilo unajua naliweza. Kwaheri, mwalimu wangu. Niliyoyaficha jikoni nimeyaleta.

Na ninyi wengine, ambao najua mtaisoma barua hii hata kama haikuandikwa kwenu. Nyamhanga, sura hiyo ichapwe, mbele kabisa, kabla ya dibaji. Wenye kitabu cha zamani nyumbani, walimu na wachungaji mliopewa bure siku ya uzinduzi, kifungueni leo, tafuteni mstari ule anaousoma Chacha, andikeni pembeni kwa peni: mwandishi alisema amekosea. Na wewe Chacha, njoo Jumamosi, mlango uko wazi na chakula kitakuwepo. Kitabu kiweke chini. Mwulize Nyangi anataka nini, kisha ukae kimya mpaka amalize kujibu.