Hewa ya Dodo mu Kompresere

Dodo, mwana wangu,

Miye mama yako njo naandika. Unajua sikusoma sana, kwa hiyo usicheke maandiko yangu. Nimeikala hapa mu atelie yako ya kupiga rangi motokari, hapa mutaa ya Naviundu, ku kiti yako ya plastiki. Wiki sita inapita tangu tulikuzika.

Niko na neno ya kukuambia, na inanilemea.

Siku ile moyo yako ilisimama mu njia, ulikuwa umetoka kujaza kompresere. Uliizima, ukasema unaenda kula, haukurudia. Kisha ikakuwa kilio, na bantu nyumba yote. Bantu balipoisha kwenda, nikakuya kuangalia tanki. Sindano ya kupima hewa ilikuwa ingali juu. Nikawaza: hii hewa ni Dodo aliingiza. Njo kazi ya mwisho ya mikono yake. Nikaambia bibi yako Bijou, mama ya batoto bako, muntu yeyote asifungue ile robine ya chini ya tanki.

Kila asubui nilikuwa nakuya kuangalia sindano. Ikishuka kidogo, na miye nashuka. Mvua ikaanza, nikaogopa kutu, nikavua kikwembe yangu ya buluu, ile kitenge ya kujifunga, nikafunika mashini yote, sawa mutoto mugonjwa. Niliona naichunga.

Bijou alinivumilia. Weye mwenyewe ulimufundisha kupiga rangi, na bantu bako banangoja na motokari zao. Akaniambia polepole: "Mama, mayi ya kuleta kutu haitoke ku mvua ya inje. Iko ndani tayari. Tufungue robine, tuitoshe inje." Nikakasirika. Nikamujibu: weye uko na haraka ya kumusahau. Dodo, hiyo neno nilisema. Akaenda kufula nguo za batoto.

Na nilijua anasema kweli, juu ni weye ulikuwa unasemanga vile. Nikikuletea bukari ya kula saa sita, unanikalisha, unanionyesha. "Mamu, hewa ya mvua imelowa sawa nguo. Ukiifinya mu tanki inapoa, mayi inashuka chini. Kila asubui uitoshe, usipofanya vile, rangi itatoa mapovu." Ile dirisha kidogo ya mafuta, unasema mafuta ifike katikati tu, na ikikuwa nyeupe sawa maziwa, mayi imeingia. Na mbavu zake za chuma, kiangazi unazipiga vumbi na brashi, juu moto ipate njia ya kutoka. Miye nacheka: hii mashini inaogeshwa kuliko batoto bako. Weye unajibu: "Ni yeye anabalisha bale batoto, Mamu."

Nilikuwa nasikia sauti yako tu. Maneno niliacha ipite.

Jumatatu Bijou akaanza kufunga bintu. Anarudia kwa wazazi wake Likasi na batoto bote babili. Hakugombana. Alikuwa anakunja nguo tu, moja moja, na mutoto mudogo anamupokeza. Nikasimama pale ku mulango, nikaona nitabaki na tanki tu.

Nikamuita. Tukakuya hapa, nikatosha kikwembe, nikapiga magoti, nikafungua robine ya chini. Polepole, vile ulikuwa unafanyanga.

Mayi ilitoka, Dodo. Mayi ya kutu, nyekundu, inanuka chuma. Ililowesha chini pale. Nilijua miye njo niliiacha mule ndani. Kisha mayi ikaisha, ikabaki hewa. Nikatia mukono. Ilikuwa baridi. Nikaacha mukono pale mpaka... mpaka hapana kintu tena. Sindano ikalala ku zero. Bijou alikuwa amenishika bega, na yeye analia.

Nikamuomba radhi juu ya ile neno. Akasema: "Mama, simama, chini kumelowa."

Mafuta ilikuwa imekuwa nyeupe. Tuliimwanga, tukatia ile mupya uliacha mu bido, dumu yako ya mafuta, mpaka katikati ya dirisha. Bijou akawasha. Ilikohoa, nikaogopa, kisha ikashika. Jirani yetu, fundi viatu, aliposikia ile sauti akatoka mu njia mbio, akaona ni siye, akatosha kofia ku kichwa.

Bijou hakuenda tena Likasi, lelo anapiga rangi teksi moja. Batoto balirudia ku masomo. Kikwembe nimevaa.

Sasa nakuacha ulale, mwana wangu, juu nilikuwa nimekushika nguvu sana. Robine ya asubui ni kazi yangu, mpaka miguu itakataa. Na Bijou, hata siku akitaka kuolewa tena, sitamuambia neno mbaya. Nakuapia.

Mamu yako