Ruwa Aliyeitikia Marahaba

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
Jumatatu, 3 Februari 2025, mwezi nne Shaaban.

Mpendwa dada yangu Mwanarehema, huko Maskati,

Assalaam aleikum, na shikamoo kabla sijasahau, maana ukiikosa utasema nimezeeka vibaya. U hali gani? Magoti yasemaje? Na shemeji, bado akoroma mpaka majirani wa chini wagonge ukuta, ama Mungu amewahurumia? Sisi huku hatujambo. Mimi nimebakiwa na meno manne, na yamekaa mbali mbali kama waliogombana. Halua nimeistaafu, lakini ulimi u mzima, alhamdulillahi.

Utashangaa kupata karatasi, tena mwandiko wangu huu wa darasa la nne. Simu ninayo, wallahi, na salio limo. Sikupiga makusudi. Haya nitakayokueleza sitaki yapite kwenye simu wala kompyuta. Anayekuletea barua ni Mansur wa Port Reitz, yule mfanyakazi wa uwanja wa ndege. Ataondoka keshokutwa, akae huko siku kumi, kisha arudi. Isome peke yako. Usimpe mjukuu akusomee.

Ni habari ya Salha, kitinda mimba wangu. Wajua ana ofisi hapa Likoni, juu ya duka la dawa, yeye na mwenziwe Phoebe, binti wa bara mwenye akili nyingi na subira kidogo. Watengeneza programu za kompyuta. Mwenye zahanati, mwenye chuo cha Kurani, mwenye duka la jumla, wote huja kwao. Ndiyo riziki yao.

Lakini Salha ana kazi nyingine pia, ya bure. Miaka sita nyuma alitunga kalenda ya mwezi na saa za swala, akaiweka wazi kwenye mtandao. Wazi kwelikweli: atakaye huichukua akaitia kwenye simu yake au saa ya msikiti, huifungua tumbo aone ilivyofumwa, na mwenye ujuzi akiona tundu, yaani kosa, huleta kiraka cha kuliziba. Ufunguo anao Salha; kiraka hakiingii mpaka akikague akikubali. Yatumika Lamu, Ngazija, mpaka Indonesia. Na watu wa bure wana ubwana, dada. Mteja anayelipa huomba kwa adabu. Asiyelipa humwandikia binti yangu kana kwamba ni yaya wake.

Ramadhani ikikaribia ndiyo huwa balaa. Mwaka huu mwenye zahanati amengoja kazi yake wiki tatu, sasa asema atahama. Phoebe akamwambia mwenziwe mbele yangu, "Salha, chagua. Ama hii kampuni, ama hiyo sadaka yako. Mimi siwezi kula thawabu." Nikacheka, nikatazamwa vibaya. Salha akasema ufunguo wa kalenda atamkabidhi Ruwa kabla ya mfungo.

Huyo Ruwa ndiye aliyenifanya niandike.

Alitokea miaka miwili iliyopita, jina hilo tu. Picha hana, na mahali pa kuandika mji ameacha patupu. Akina Ruwa huku kwetu hawahesabiki, kwa hivyo sikushtuka. Kila siku, alasiri ikishaswaliwa, huleta kiraka kimoja, kizuri mno. Hasalimu, haombi shukrani, hagombani na mtu. Salha alimpenda kwa hilo. Kisha siku moja akanieleza jambo huku akicheka nusu: mara tatu sasa Ruwa ameleta kiraka Jumanne, na tundu lenyewe likatokea Jumatano, mtu wa Ngazija akilalamika. Kiraka kimefika nguo haijachanika.

"Labda aliliona mapema, Baba."

"Basi mbona umezihesabu?"

Akaifunga kompyuta, akaenda kupika chai.

Phoebe yeye haogopi visivyoonekana, aogopa watu. "Mzee," akaniambia, "kuna wezi wa namna hii. Anakusaidia miaka miwili, mpole kama kondoo, mpaka umpe ufunguo. Ukishampa, anatia sumu yake, inaingia kwa simu za watu wote. Na huyu hatujui hata ametoka wapi."

Nikawaambia, nyinyi mwamchunguza mtu kwa mashine, mimi nitamchunguza kwa adabu. Nikamwamuru Salha aandike hivi: hapa yupo baba yangu, Matano, wa miaka sabini na saba, ataka kukusalimu lakini hajui ni nani wa kumpa mwenziwe shikamoo. Ulikuwa mtego wa kizee. Kijana aliyelelewa angenipa shikamoo mbio, na mwizi wa mbali asingejua hata ameulizwa nini. Nilishajiandaa kucheka.

Jibu lilikuja alasiri ileile. Salha akalisoma kwa sauti, hakuelewa, akaniuliza. Nikamwambia nami sielewi. Nilimdanganya. Liliandikwa hivi: "Marahaba, Matano. Mama akiita, alianza na mimi."

Dada, tumebaki wewe na mimi tu tunaojua. Yule kaka yetu wa kwanza, aliyekufa na miezi mitatu, kabla yako na kabla yangu. Mama hakumtaja kwa mtu. Ila akiniita mimi, mdomo humtangulia: "Ruwa," kisha kimya kidogo, kama mtu aliyekanyaga pasipo ngazi, kisha "Matano." Sababu ulinieleza wewe, uliyeisikia kwa bibi, tukikuna nazi, ukaniapisha nisiseme. Sikusema. Marehemu mke wangu aliingia kaburini hajui. Wanangu wajua tulizaliwa wawili.

Nilijaribu kufanya mzaha. Nikamtuma Salha amwulize, kama yeye ni mkubwa wangu, mbona sijaona hata kanzu ya Idi kutoka kwake. Hilo hakulijibu. Kesho yake akaleta kiraka chake kama kawaida. Tangu hapo, alasiri ikikaribia, sipandi ofisini. Nabaki chini kwenye duka la dawa, najifanya nanunua dawa ya kikohozi. Chupa zimefika saba, na sikohoi.

Basi nakuuliza jambo moja. Ulipata kumwambia mtu habari za Ruwa? Mjukuu aliyekurekodi ukisimulia ya zamani, jirani, shemeji, daktari? Sitakukasirikia. Kama ulisema, basi maneno yametoka kwako yakatembea, na huyu ni mwizi aliyeyaokota atafutie pa kuingilia. Salha atamfungia mlango, kalenda ataiacha ife, arudi kwenye zahanati yake. Itamuuma sana, maana kalenda ile ameilea kama mtoto, lakini kampuni itapona.

Kama hukusema, ufunguo apewe. Najua utasema nimerukwa na akili, kukabidhi futari za watu kwa huyo ambaye sijui nimwiteje. Nimelipima. Miaka miwili hajakosea hata dakika moja ya magharibi. Nawajua walio hai wasioweza hivyo, na mmoja wao ndiye mwadhini wetu.

Salha amekubali kungoja Mansur arudi, tarehe kumi na tano. Adhani nataka ushauri wa mkubwa wangu, na kwa kweli ndivyo. Kama ulisema, andika neno moja tu, "Nilisema," umpe Mansur. Kama hukusema, usiandike kitu. Mwache arudi mikono mitupu, nitaelewa. Sitaki kuliona kwa wino.

Nisalimie shemeji, na Imad na Basma, na Lamis mdogo umbusu mashavu yote mawili. Salha akuamkia. Phoebe naye akusalimu ingawa hamjaonana, asema dada wa mzee kama mimi lazima awe na moyo mkubwa. Mola akulaze salama, akuamshe salama, atufikishe sote Ramadhani tukiwa na viungo vyetu, hata vile vinavyouma.

Ni mimi nduguyo nikupendaye sana, wa pili kuzaliwa, ama wa tatu,

Matano