Sahihi Aliyoifuata Mwinjilisti

Shoga, uko wapi? Natetemeka kwa hasira hapa.

Mwinjilisti wetu ametoka hapa sasa hivi. Huyohuyo anayewekewa mikono Jumapili awe mchungaji.

Unajua alifuata nini? Sahihi! Askofu anataka fomu za wagonjwa aliowatembelea, zimejazwa na familia zao. Kaja na ya mama yangu, tarehe za kuja kumwona kajiandikia mwenyewe. MARA NNE, shoga! Huyu kahamia kanisani kwetu mama yuko kitandani tayari, na hata kizingiti chetu hajawahi kukivuka.

Uso mkavu, eti, "Dada, weka tu sahihi. Moyoni nilikuwa naye."

Moyoni!

Nikamwambia mama yuko macho, ingia basi umwombee. Akaangalia saa. Eti fundi anamsubiri akajaribu joho. Joho!

Nilitaka kumfungia mlango usoni. Halafu nikaona chini ya fomu pameandikwa: "Mgonjwa anasemaje kuhusu mhudumu huyu?"

Nikamwambia asubiri. Nikaingia chumbani, nikamtajia mama jina lake lote mpaka la ukoo. Mama akafikiri weee, ndipo akajibu. Nikaandika vilevile, nikatia sahihi, nikaikunja, nikampa.

"Ubarikiwe sana, dada." Akaichomeka kwenye Biblia bila kuisoma, akaondoka anapiga mluzi.

Kesho asubuhi anaipeleka mwenyewe kwa askofu.

Mama alisema, "Simjui, mwanangu. Kwani naye anaumwa? Mwambie nitamwombea."