Kidole Kikavu

Jumatatu, 4 Machi

Leo wameniondoa kwenye meza ya kupima vitufe vya mpira, vile vya kufuli za milango. Miaka kumi na minane nimekaa pale. Nabonyeza, nasikiliza — tik, tik — kitufe kilichokufa nakijua kabla mita haijasema lolote. Ndiyo maana karakana nzima inaniita Bi Kidole. Sasa wateja hawataki vitufe. Wanataka kioo. Kioo cheusi kitupu chenye namba zinazowaka, unagusa tu, hakuna tik wala nini. Msimamizi anasema ni kazi nyepesi: gusa namba zote, taa ikiwa kijani bandika stika, sukuma mbele. Sawa. Naona kama napapasa dirisha.

Jumanne, 5 Machi

Aibu ya mwaka. Paneli ya kwanza — nagusa, kimya. Nagusa tena, kimya. Miwani, binti wa meza ya pili, akanyoosha mkono akaigusa mara moja tu. Kijani. Shangazi, akasema, labda haijakuzoea. Nikacheka naye, ningefanyaje?

Baadaye nikaenda dirishani kuviangalia vidole. Vimekauka, vigumu, ncha zake hazina hata mistari. Spiriti tunayofutia mpira kila siku imekula yote. Kioo hakinioni.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa. Kitambaa chenye maji kidogo, mfuko wa aproni, upande wa kulia. Nagusa kitambaa, nagusa kioo. Kijani, kijani, kijani. Paneli sitini kabla ya chakula cha mchana! Msimamizi akapita, akasema anajua kuchagua watu.

Kuna karatasi ukutani, masharti ya upimaji. Namba tatu: kidole kitupu, kikavu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia msimamizi aiandike, zamani, maana unyevu ukiingia chini ya mpira kitufe kinaoza. Lakini hiki ni kioo. Maji yataingilia wapi?

Jioni mume wangu akauliza habari za meza mpya. Nikasema nzuri. Akakishika kidole changu, akakiweka kando ya chake, chake kimejaa matundu ya sindano — ni fundi cherehani. Vyangu vimetobolewa, vyako vimefutwa, akasema. Tukiiba benki sisi, polisi watalia. Mtu huyu hachoki kunichekesha.

Jumatatu, 18 Machi

Mzigo mkubwa umetoka. Paneli za milango, zote za nyumba moja ya kutunzia wazee. Kila mzee na mlango wake, na namba yake. Zote zina stika yangu.

Ijumaa, 22 Machi

Zimerudi. Si zote, katoni mbili.

Fundi aliyezifunga kule kwa wazee kazileta mwenyewe. Mtu mzima, mpole, vumbi la ukuta bado kwenye nyusi. Anasema milango inafunguka vizuri akigusa yeye, wakigusa wauguzi, wakigusa wafagiaji. Wazee tu ndio hawafunguliwi. Msimamizi akamwambia kioo hakiulizi mtu umri, atakuwa ameunga nyaya vibaya. Paneli zilipimwa hapa moja moja, akasema, na akanielekezea mkono. Na Bi Kidole mwenyewe. Nikainamia meza yangu.

Fundi akasimulia habari ya bibi mmoja. Alitoka kunywa chai, akarudi, akagusa namba yake. Mlango kimya. Akagusa tena na tena. Akasimama pale mlangoni kwake asubuhi nzima, hakumwita mtu. Alidhani ameisahau namba. Alipokuja mfagiaji akamkuta anajihesabia majina ya watoto wake, kuona kama hayo bado anayo.

Sijala mchana.

Jumatatu, 25 Machi

Nimefika mapema kabla ya wengine. Nikachukua moja ya zile zilizorudi, nikaiunga kwenye umeme wa mezani. Kidole kikavu: kimya. Kikavu tena: kimya. Nikakilowesha: kijani. Miwani alipoingia nikamwomba aguse. Kijani.

Basi. Nyaya hazina kosa. Mashine inayopanga usikivu wa kioo imewekwa chini mno, kioo kinasikia ngozi changa na ngozi yenye maji, ngozi kavu hakiisikii. Kidole changu kiliijua ile kasoro tangu siku ya kwanza. Mimi nikaiziba kwa kitambaa. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikataka kwenda kwa msimamizi palepale. Nikafika mlangoni pake, nikarudi. Ukisema umepima kwa maji, umesema pia huwezi kupima. Na meza ya mpira wameshaiuza.

Nimemwambia mume wangu. Akasimamisha cherehani.

— Watakufukuza?
— Huenda.

Akakata uzi kwa meno. Halafu akasema, taratibu tu, kwamba yule bibi mpaka leo anadhani amesahau.

Jumanne, 26 Machi

Mapumziko ya chai. Naandika hapa mezani, nyuma ya daftari la upimaji.

Saa nne fundi anaitwa kuweka sahihi kwamba kosa ni la nyaya. Akisaini, kazi ya nyumba ile imemponyoka. Sijui ana watoto wangapi. Sikumuuliza.

Asubuhi nilimwambia msimamizi nina neno. Akasema ana simu ya kupiga. Nikamwambia basi asije peke yake, aje na fundi, na asimsainishe kitu kabla hajaniona nikipima. Akanitazama vibaya kidogo. Miaka kumi na minane sijawahi kumpangia. Akasema haya, Bi Kidole, nakuja.

Paneli iko mbele yangu, taa yake nyekundu inasubiri. Miwani anauliza mbona sisogezi kazi. Nimemwambia akae, naye atahitajika, alete kidole chake.

Kitambaa nimekianika kwenye bomba la nje. Jasho limeanza kutoka mikononi. Siku moja tu ninayoutaka ukavu! Nimevifuta vidole kwenye aproni, mara tatu, mara nne. Nasikia viatu vya msimamizi kwenye ngazi, na sauti ya yule fundi nyuma yake, anamuuliza kama ni mimi niliyemwita. Navifuta tena.