Cheni Iliyokatika Karibu na Kwa Mkwe

Shangazi Scola, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapoteza mchumba kwa sababu ya cheni ya pikipiki, na usinicheke, maana hapa nilipo hata chakula hakipiti.

Mimi ni dereva wa boda huku Litapunga, nabeba abiria na magunia ya mahindi mpaka Mpanda mjini, nina mchumba naomba nimwite Odeta, na baba yake ndiye fundi wa pikipiki hapa kwetu, ana duka dogo la spea ubavuni mwa nyumba, kwa hiyo tangu nilipopeleka posa nikaona ni adabu kila kinachoharibika nipeleke kwake, tairi, plagi, breki, kila kitu, na kwetu sisi mtu hapatani bei na baba mkwe, akikutajia unatoa kwa mikono miwili na kusema asante baba. Sasa mwaka jana msimu wa mahindi alinifungia cheni kwa elfu arobaini, nikatoa, ila moyoni iliniuma, na mwaka huu ilipochakaa nikapita mjini kuulizia, Shangazi, cheni ile ile, boksi lile lile jekundu, elfu kumi na nane! Nikaona basi, huyu mzee ananichuna kabla hata hajanipa binti, nikanunua ya mjini na fundi wa huko akanifungia.

Bahati yangu mbaya, hiyo cheni nimeifunga kabla ya Pasaka na hata miezi miwili haijaisha imeshakazwa mara tatu mpaka hakuna pa kukaza tena, na wiki iliyopita ikakatika nikiwa na gunia karibu na nyumbani kwa mzee, nikaogopa akiiona atajua nimemkimbia, basi nikaacha barabara nikaisukuma pikipiki na gunia lake katikati ya shamba la mihogo nikazunguka kilima chote. Odeta akanipigia, "Wewe, mbona ulikuwa unasukuma pikipiki kwenye mihogo ya mama?" Nikahamaki, nikamwambia, "Muulize baba yako anavyonila pesa!" Tangu hapo simu hapokei, pikipiki imelala ndani, na mshenga wangu Mzee Polycarpe amerudi na ujumbe kwamba siku ya kupanga mahari imeahirishwa, baba mkwe kasema tu, "Mwambieni asiharakishe." Nampenda sana huyu binti. Je, nimfuate mzee nimwambie ukweli kwamba ameniibia, au niombe msamaha kwa kosa lisilo langu?

Dereva, Litapunga

*

Marahaba, dereva. Sikucheki, ingawa mihogo ya mama mkwe ilinijaribu. Binti umembadilisha jina, halafu ukamtaja baba yake na duka lake ubavuni mwa nyumba. Huko kwenu mna mafundi wangapi? Haya.

Hebu isome barua yako mwenyewe, taratibu. Cheni ya mzee ilikutoa msimu mmoja wa mahindi hadi mwingine, na magunia juu. Ya mjini haikumaliza miezi miwili, nawe unasema ni bahati mbaya. Mwanangu, hiyo si bahati, ni chuma. Boksi jekundu ni karatasi tu, mtu yeyote anaweza kulichapisha.

Sikatai, wapo mafundi wanaotia cha juu, na huenda hata mzee wako anaweka chake kidogo, maana naye anakula. Siwezi kumwapia nikiwa huku. Bei za spea zinatushangaza hata sisi watu wazima, duka hili hivi, la jirani vile, na muuzaji haelezi mpaka aulizwe. Mzee angeweza kukuwekea cheni mbili mezani akakuonyesha tofauti, na hilo ni kosa lake. Lakini angeanzia wapi, kama kila akitaja bei wewe umeshanyoosha mikono miwili? Adabu ya ukwe inakukataza kupatana bei. Haikukatazi kuuliza.

Kilichoniuma zaidi ni Odeta. Umekasirishwa na bei, ukamtupia hasira mtu asiyeuza hata plagi. Alikuuliza swali la kawaida kabisa, nawe ukamtukania baba.

Unadhani mzee ameahirisha siku kwa sababu amekosa mteja. Mimi nimeoza mabinti wawili, na nakwambia mzazi anawaza lingine kabisa. Anajiuliza, huyu kijana aliyezunguka kilima kizima na gunia ili akwepe swali moja, siku nyumba yake ikiyumba, binti yangu atamsubiri upande gani wa kilima? Mimi pia ningesema asiharakishe.

Sasa fanya ninavyokuambia. Mtumie Odeta ujumbe mfupi wa kuomba radhi, na neno "lakini" usilitie. Asubuhi nenda na jembe kwa mama yake, ukapande mingine badala ya mihogo uliyoivunja, hata kama atakuambia acha. Mjini usiende kutafuta cheni nyingine. Ukishamaliza shambani, itoe hiyo pikipiki ndani, uisukume kwa barabara, mchana kweupe, watu wote wakuone, mpaka mlangoni kwa mzee. Mwambie, "Baba, nilinunua ya rahisi, imekatika." Hapo ndipo umuulize kwa nini ya kwake ni ghali, kisha ukae chini umsikilize mpaka amalize.