Gélase na Glasi ya Bi Yusra

Saumu shoga yangu, leo nusura nizame ziwani kwa aibu!

Si unajua mama mwenye nyumba wetu, Bi Yusra, alitualika kwake Ujiji? Basi mume wangu Gélase akajitia mkarimu. Akammiminia mama juisi, AKAINYWA KWANZA YEYE, ndipo akampa. Glasi ileile!

Bi Yusra: "Mumeo ana kiu hivyo?"

Nikamweleza kwetu Burundi anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ujue hakina sumu.

Sumu, Saumu! Kwenye juisi aliyotengeneza Bi Yusra mwenyewe! Nikajua nyumba hatuna tena.

Akanyanyuka, akaenda jikoni, akatufungia migebuka ya kukaanga.

Nimefika nyumbani sasa hivi, nafungua. Kila samaki kaonjwa! Alama ya meno ya Bi Yusra hii hapa mgongoni.