Kitanda cha Odeta

Nyegezi,
9 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na bibi hamjambo, na miguu ya bibi imepungua kuvimba. Mimi ni mzima. Simu haziruhusiwi kabisa hapa bwenini, kwa hiyo barua hii nampa mjomba Nkwabi akileta dagaa jikoni.

Kidato cha Kwanza si kigumu kama nilivyoogopa. Hisabati naipenda. Tatizo ni dogo tu. Wenzangu waliniuliza natoka wapi, nikasema Kamanga. Wakacheka. "Hapana, kwenu hasa ni wapi?" Nikasema mama anapika samaki pale kwenye kivuko, wakacheka zaidi. Sasa naitwa Mchina. Nikigusa kitu chao wanasema kitaharibika kesho, maana mimi ni feki. Hata mwalimu wa jiografia akiita majina, akifika kwangu anasema, "Na Mchina wetu yupo?" Darasa zima linaangua kicheko. Siku ya kwanza na mimi nilicheka.

Wamenipa kitanda cha dirishani, kinachotazama ziwa. Hakuna aliyekitaka. Wanasema kilikuwa cha Odeta, chotara wa Kihindi, ambaye mwaka juzi alishuka kwenye mawe akazama. Eti ndala zake zinasikika koridoni. Eti anatafuta chotara mwenzake.

Usiogope, ni maneno ya wasichana. Lakini mama, baba alikuwa anafananaje?

Binti yako,
Kija


Kamanga,
16 Februari 2025

Mwanangu Kija,

Marahaba, mama. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu sana na anauliza kama mnapewa uji wa kutosha. Miguu yake ndiyo hiyo hiyo, lakini mdomo hauumwi.

Baba yako aliendesha greda Wachina walipokuwa wanatengeneza barabara ya huku. Alikuwa mrefu, mwenye aibu. Nilimfundisha salamu moja tu ya Kisukuma, "Mwangaluka," ya asubuhi, na yeye akaitumia mpaka jioni, bibi akawa anacheka peke yake jikoni. Kazi ilipoisha alirudi kwao, wewe una miezi minne. Alipiga simu mara kadhaa, kisha namba ikawa haipatikani. Sijui zaidi ya hapo. Macho ni yake. Hasira ni za bibi yako.

Sikiliza. Mimi ndiye niliyekupa jina, nilikupa jina la shangazi yangu. Wakikuita kwa jina jingine usiitikie, hata akiwa mwalimu.

Mama yako


Nyegezi,
20 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Nisalimie bibi. Samahani kwa kukaa kimya.

Nilifanya ulivyosema. Mwalimu aliita "Mchina", nikanyamaza. Akaita tena. Akasema, "Basi hayupo leo." Nikasimama, nikamwambia, "Mwalimu, nipo. Naitwa Kija." Akatazama darasa lote, akauliza, "Nani anaongea? Mbona mimi sioni mtu?"

Tangu siku hiyo hakuna anayeniona. Wanakuja kukaa kwenye benchi niliko mpaka nisogee. Chakula kikigawiwa sahani yangu inarukwa. Nikisema kitu, Sharon wa darasani kwetu anawauliza wenzake kama wamesikia upepo. Nilidhani watachoka baada ya wiki moja.

Anayeongea nami ni Odeta peke yake. Najua hutapenda. Ndala nazisikia kweli, hata mchana tukitoka kufua. Zinapita nyuma yangu zinaelekea ziwani. Ananiita kwa sauti ya upole, anatamka jina langu vizuri kama unavyolitamka wewe. Nimeanza kumfuata kidogo. Sifiki mbali.

Binti yako


Nyakato,
23 Machi 2025

Mwanangu Kija,

Umeamkaje? Umekula? Barua hii nampa bodaboda aifikishe kwa Mama Chenge, mpishi wenu, uisome huko huko nyumbani kwake. Usirudi bwenini leo.

Jana nilisoma barua yako nikaacha samaki kwenye mafuta, nikapanda pantoni. Ulipoletwa ofisini sketi yako ilikuwa imelowa mpaka mapajani. Sikukuuliza mbele ya watu. Mkuu wa shule alisema, "Mama Kija, huu ni utani wa watoto. Akiuzoea utaisha." Nikamwuliza, na yule Odeta? Akafunga faili. "Huyo alihama."

Nilitaka kukuchukua saa ile ile, ukanishika nguo ukasema wataeneza kwamba Odeta amekubeba. Ndiyo maana nilikuacha kwa Mama Chenge. Nilipomwuliza kwao Odeta ni wapi, alinielekeza huku Nyakato, kwa Prudencia, Mhaya mmoja anayeshona sare. Nilibisha hodi. Mlango ukafunguliwa na msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba, nywele ndefu mgongoni.

Kija, huyo ndiye Odeta. Nimemshika mkono. Una joto kama wako.

Prudencia ameniambia kuwa mtoto wake alitembea kwa miguu kutoka shuleni mpaka hapa, na tangu hapo hajavuka kizingiti cha nyumba. Shule haikutuma hata mtu mmoja kuuliza. Nilipowaambia kwamba huko anasemwa amekufa, mama yake alilia. Odeta hakulia. Aliniuliza, "Nani analala kwenye kile kitanda?" Nikamweleza habari zako. Akauliza, "Na sasa hivi yuko peke yake?" Kisha akaenda kutafuta viatu.

Kesho asubuhi tunakuja wote watatu, paredi ikiwa imesimama. Usishuke ziwani. Yeyote anayekuita huko, si Odeta.

Mama yako


Nyegezi,
6 Aprili 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Bibi hajambo? Mimi nakula vizuri. Mama Chenge ananijazia sahani mwenyewe.

Siku ile mlisimama nyuma na mkuu, kwa hiyo hukuziona nyuso zao. Odeta alipopita katikati ya mistari, Sharon alipiga kelele, akaanza kusali Salamu Maria bila kuimaliza. Wengine walikimbilia ukutani. Odeta hakugeuka kuwatazama. Akaenda mpaka kwa mwalimu wa jiografia. "Mwalimu, shikamoo. Mimi Odeta. Sikuzama. Nilichoka." Mwalimu aliangalia viatu vyake mwenyewe. Hata marahaba hakuitikia.

Kisha Odeta akauliza Kija ni nani, nikanyoosha mkono. Alinitazama tu, lakini alinitazama.

Bodi ya shule imekaa. Yule mwalimu hafundishi tena darasa letu. Sharon ameniomba msamaha, alisimamiwa na matroni. Siku hizi wote wananiita Kija, na kila ninaposikia nasubiri kicheko kifuate. Hakifuati. Bado nasubiri. Bodi waliniuliza kama nimeridhika, nikasema ndiyo kwa sababu chai yao ilikuwa inapoa.

Mama, muhula ukiisha usinirudishe hapa. Mama Prudencia amepata shule ya kutwa karibu na kwao, na anasema naweza kulala chumba kimoja na Odeta. Yeye atarudia darasa, tutasoma pamoja. Jumapili alipokuja na mama yake kunitembelea, alinivuta pembeni akasema ataenda kwa sharti moja, nimshike mkono wakati wa kuingia getini. Ananizidi miaka mitatu na aliona aibu kuniomba.

Nimemkubalia. Sikumwambia kwamba nilikuwa natafuta namna ya kumwomba yeye.

Mwanao,
Kija